Droo Siyo Ujinga, Chalii Wangu

Jumatatu kijiweni Kaloleni, chalii mmoja wa bodaboda alichungulia simu yangu akaona watu wamevaa nyeupe, wanacheza kriketi ya Testi, ile ya siku tano. "Bro, hawa si ndio wale wa Alhamisi?" Nikamwambia ndio hao hao, leo siku ya tano. Akacheka nusura apaliwe na kashata. "Siku tano, na bado mnaweza msipate mshindi? Huo si mchezo, huo ni mkutano wa kijiji."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, cha kinafiki, nikarudi nyumbani na hasira ninazozimwaga hapa.

Huyu huyu, timu yake ikitoka suluhu ugenini, anatuhubiria kwamba pointi moja ugenini ni dhahabu. Ila droo ya kriketi ndiyo ujinga. Haya.

Ndugu zangu, droo ni pale muda unapoisha kabla wanaofukuzia hawajafikisha namba wala hawajatolewa wote, na bila hiyo siku ya mwisho haina utamu wowote. Nitawapa Brisbane, Januari 19, 2021. India wanafukuzia mikimbio, yaani alama, 328 dhidi ya Australia pale Gabba, uwanja ambao Australia hawakuwa wamepoteza Testi tangu 1988. Mwezi mmoja nyuma, India hao hao walitolewa wote kwa 36 kule Adelaide. Nahodha wao Kohli karudi nyumbani, warushaji wao wa kutegemewa majeruhi. Mfululizo wa mechi uko 1-1, na kombe walikuwa nalo wao, kwa hiyo droo tu iliwatosha kuondoka nalo. Sababu zote za kulala walikuwa nazo.

Mpigaji wao Pujara akakaa mipira 211 kupata mikimbio 56. Akapigwa na mpira kidoleni, mwilini, kwenye kofia, akajikunyata kwa maumivu, akasimama tena. Unaweza kusema huyu anasubiri jua lizame. Kumbe alikuwa amewawekea wenzake droo mfukoni, na upande wa pili mpigaji mwenzake Gill akacheza kwa raha zake mpaka 91. Na Australia, kwa kuwa droo ilikuwa hasara kwao, walilazimika kusogeza watu karibu na mpigaji kutafuta wiketi, yaani kumtoa, na ukisogeza watu karibu, nyuma unaacha uwazi. Alipotoka Pujara bado zinatakiwa kama 100 hivi, na mpira mpya, ule mgumu wa kutisha, uko mkononi mwa Cummins, mrushaji wa Australia. Pant, mpigaji mwingine wa India, angeweza kufunga duka, ajilinde tu mpaka droo. Hakufunga. Akamaliza na 89 bila kutolewa, India wakashinda zikiwa zimebaki ova tatu, yaani mipira 18.

Sasa iondoe droo hapo. Pant anabaki mtu asiye na njia nyingine, na mtu asiye na njia nyingine akikimbia mbele tutamsifia nini?

"Basi wacheze mpaka mshindi apatikane," akasema mzee mmoja pale kijiweni, kwa busara zote. Shikamoo mzee, walishajaribu. Durban, Afrika Kusini, 1939, mechi isiyo na kikomo cha siku. Uingereza wakifukuzia 696 wakafika 654, wametolewa watano tu, mvua ikaingia, na meli ya kuwarudisha kwao haikuwa na habari na kriketi. Ikaisha droo. Zaidi ya wiki nzima!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna siku za tano zinazokera. Manahodha wanapeana mikono kabla ya jioni na mimi bando langu limeisha. Sitetei hizo.

Lakini mimi nimelelewa na mtu wa rola. Baba alikuwa mtunza uwanja hapa mjini, na siku moja, kiangazi kimekaza, alinichuchumaza kando ya pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, akachomeka ufunguo wa baiskeli kwenye ufa. Ukazama mpaka kwenye pete. "Mpira ukiangukia hapa," akasema, "hata anayeurusha hajui utakwenda wapi." Ndiyo maana mikimbio 200 ya zamu ya nne, ile ya mwisho ya kupiga, siyo 200 ya siku ya kwanza. Anayetazama namba peke yake kwenye simu hawezi kuuona huo ufa.

Agosti 4 mwaka jana, 2025, nilikuwa kwake Moshono, baridi ile ya wiki ya Nane Nane, mzee kajifunika shuka la kimasai. Uwanja wa The Oval, London, siku ya tano, Uingereza wanacheza na India, wanatakiwa 35 tu kufikisha 374. Siku hiyo mchezo ulianza saa saba mchana kwa saa zetu, na saa nane haikufika ukawa umeisha. Warushaji wa India, Siraj na Krishna, wakawa wanawang'oa mmoja mmoja. Mwisho akaingia Woakes, mpigaji wa mwisho wa Uingereza, bega limeteguka, mkono wa kushoto umefungwa ndani ya sweta, kashika bati kwa mkono mmoja, wakati zinatakiwa 17. Macho ya mzee ni mabovu siku hizi, namsimulia. Mwenzake Atkinson akabutua mpira ukavuka mpaka, mikimbio sita. Wakakimbia, unaona uso wa Woakes unakunjamana kila hatua. Halafu Siraj akang'oa vijiti vya Atkinson. India kashinda kwa mikimbio sita.

"Huyo wa mkono mmoja," baba akauliza, "alikabili mipira mingapi?"

"Hata mmoja, baba."

Akanyamaza kidogo, akaniomba nimuongezee chai.