Shata Inayokwama Haihitaji Mafuta

Kila ninapomwonyesha mtu kamera ya filamu ambayo shata yake, yaani kile kifaa kinachofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, inasuasua, ushauri wa kwanza huwa ni ule ule: itie mafuta kidogo. Ushauri huo umetoka kwenye cherehani na mnyororo wa baiskeli, na huko una haki yake, lakini ndani ya shata ni sumu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mafuta.

Kamera ninayoizungumzia ni Kodak Retina, ya jamii iliyoanza kutengenezwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1934, na shata yake ni Compur, kazi ya kiwanda cha Friedrich Deckel. Aliyeniuzia alisema inafanya kazi, wala hakusema uongo, ila alikuwa ameijaribu kwa kasi ya 1/100 ya sekunde tu. Nilipoiweka kwenye sekunde 1 ilifunguka, ikavuma kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, ikanyamaza katikati ya safari huku imeachama, na haikufunga mpaka nilipoigonga kwa ukucha.

Kasi kubwa hutegemea zaidi springi, ndiyo maana huendelea kuonekana nzima. Kasi ndogo hucheleweshwa na msururu wa magurudumu madogo ya meno, na mwishoni mwa msururu huo kuna kipande kinachocheza kushoto na kulia, ndugu wa kile kinachoifanya saa ya ufunguo igonge. Nguvu ya springi ikifika kwenye gurudumu la mwisho imekwishapungua mno, kiasi kwamba utando mwembamba wa grisi iliyokauka kwa miongo kadhaa unatosha kulisimamisha. Kwa hiyo mara nyingi hakuna kilichovunjika wala kulika, na ndiyo sababu naamini fundi saa mwenye subira anaifaa kazi hii kuliko fundi wa simu mwenye haraka.

Ipo njia ya mkato ambayo wengi huisifu, nami nakiri niliifuata: unadondoshea petroli ya viberiti vya utambi kupitia mbele, unafyatua mara hamsini, na shata inafufuka. Yangu ilifufuka kwa wiki mbili. Petroli ilikuwa imeyeyusha grisi ya zamani, ikaieneza hadi kwenye vibapa vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga, ambavyo hutakiwa kuwa vikavu kabisa, kisha ikakauka na kuiacha grisi huko. Nikawa na kamera inayokwama hata kwenye 1/25, kasi iliyokuwa nzima hapo awali. Kwangu mimi huko si kutengeneza, ni kuhamisha uchafu.

Safari ya pili niliifungua. Nilitoa lenzi ya mbele, nikalegeza skrubu ndogo inayoizuia pete ya juu, nikaizungusha pete ikaachia, nikainua bamba la kuchagulia kasi, na kila hatua niliipiga picha kwa simu kabla ya kugusa kinachofuata. Niliutoa msururu wa magurudumu mzima mzima na kuutosa katika petroli ile ile ya viberiti ndani ya kikombe cha kahawa, dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa. Petroli ya kwanza iligeuka rangi ya chai ya mkandaa, ya pili ikafifia, ya tatu ikabaki safi. Vibapa nilivisafisha kwa pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Mafuta niliyorudisha ni ya saa, kwa ncha ya sindano, kwenye mihimili ya magurudumu peke yake.

Wapo wanaosema kasi ndogo hazina kazi, kwamba Zenit E ya Kisovieti haikuwa na kasi iliyo chini ya 1/30 na bado watu waliipigia picha za harusi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Zenit haikuwa nazo tangu mwanzo, lakini Compur inayokwama kwenye sekunde 1 inatoa taarifa kuhusu grisi ambayo imo shata nzima, na anayeipuuza atakutana nayo kwenye 1/25, jioni, ndani ya nyumba yenye taa moja, filamu ikiwa imebaki picha mbili.

Kuipima hakukunigharimu kitu. Niliweka simu karibu na lenzi, nikarekodi sauti, kisha nikapima katika programu umbali kati ya mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga. Nilirudia mara kumi asubuhi na mara kumi usiku, kwa kuwa shata chafu hudanganya ikishapashwa moto kwa kufyatuliwa, na mlio unaostahili kuaminiwa ni ule wa kwanza baada ya kulala. Sekunde moja ya Retina hii sasa ni sekunde 1.1, asubuhi kwa usiku, nami sina mpango wa kuifungua tena kwa ajili ya hiyo sehemu moja ya kumi.