Meno ya Karani

Jamani, kuna watu wamepewa meno ya kulia nyama, halafu kuna karani wa mizani wa chama chetu cha ushirika, huyu meno yake ndo kipimo cha serikali. Leo gunia langu la kahawa nimelirudisha nyumbani kwa bodaboda ileile iliyonipeleka, nauli nimelipa mara mbili na dereva kanicheka mpaka kwenye kona ya kanisa.

Nyie mnaolima huku mlimani mnajua ilivyo, sina haja ya kueleza. Umechuma nyekundu tupu, moja moja, kama mtu anachagua mchele, umemenya usiku kwa tochi ya simu maana mashine ni ya kuazima na mwenyewe anaitaka asubuhi, umeloweka, sasa unataka kuosha, zamu yako ya mfongo, mfereji wetu wa maji, saa kumi alfajiri unafika unakuta mtu wa juu kashayageuzia maji kwenye migomba yake na yeye kalala. Kichanja cha kuanikia ndo usiseme. Wingu likishuka tu nyumba nzima inatoka mbio na turubai, mama watoto, watoto, mpaka bibi na mkongojo wake, na wingu likishaona tumefunika linapita zake.

Haya, ikakauka. Nikavaa shati la Jumapili, maana siku ya mizani mtu uonekane una heshima zako. Karani kakaa. Kimashine cha kupima unyevu kipo pale mezani, kisafi kabisa, ila betri hakina, hakina tangu msimu uliopita, kwa hiyo tunatumia meno. Akatia mkono kwenye gunia, sio juujuu, mpaka kiwiko kikapotea. Akatoa punje moja. Akaibandua ganda kwa kucha, taratiiibu. Akaweka mdomoni. Foleni nzima kimya. Akauma. Akainua macho kuangalia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na Kibo leo kajifunika haonekani hata ncha, lakini yeye anaangalia tu. Akatema.

"Meku, hii bado ina maji." Meku ni mzee, kwa Kichagga chetu.

"Mwanangu, hiyo imekaa juani wiki mbili."

"Jua la wapi, meku?"

Sasa hapo unajibu nini? Nikamwambia uma nyingine. Akauma. Nikamwambia toa ya chini kabisa. Akatoa, akauma, nikaanza kuhisi huyu bwana hajanywa chai kwao. Mzee mmoja kwenye foleni akaomba na yeye aonje, akasema hii imekauka. Mama mmoja akauma, akasema imekauka ila sio sana. Mzee akamuuliza, mama, kwani wewe magego unayo? Basi mkutano mkuu wa chama ukafunguliwa palepale, bila akidi bila ajenda, kila mtu anatafuna kahawa yangu na kuchangia hoja, mpaka kibabu kimoja kisicho na jino hata la dawa kikawa kinaomba kisagiwe na chenyewe kina maoni. Nikasimama. Nikasema ndugu wanachama, baba yangu alikuwa mwanachama, babu yangu alikuwa mwanachama, ushirika wa mlima huu umeanza zamani, KNCU yenyewe, chama kikuu chetu cha Kilimanjaro, ni ya 1933, hatuwezi leo kuamuliana kwa magego! Kwa sauti tulivu kabisa nilisema. Karani akasubiri nimalize, akaniambia, "Rudisha kaanike, meku." Nilichojibu hapo atakisikia padri Jumamosi.

Na nikiichelewesha ikapitiliza ataiuma aseme inapasuka, na uzito uliopungua ni mfuko wangu sio wake. Kati ya maji na kupasuka kuna mchana mmoja tu wa halali, na mchana huo yeye atakuwa kaenda msibani.

Hapo bei hata hatujaigusa. Unapewa malipo ya awali, unaambiwa subiri mnada Moshi, ya pili yanakuja. Mnada wenyewe unaangalia bei ya soko la New York, New York wanaangalia Brazili kumekuchaje. Mzee wangu mpaka anafariki alikuwa anasimulia ile baridi iliyounguza mibuni ya Brazili 1975, bei ikapaa, akaezeka nyumba bati. Bati lenyewe ndo hili linalonivujia. Mimi mtu wa jumuiya kabisa, usiku nimeshajikuta naiombea Brazili baridi. Kidogo tu. Isidhuru mtu.

Chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, siigusi. Bei ya dawa siigusi, presha itapanda bure.

Halafu kuna mtoto wa kaka yuko Dar, kila Desemba anapanda huku na miwani ya jua, "baba mdogo, shida yenu hamuongezi thamani." Nikampa debe, nikamwambia shuka shambani ukaongeze. Karudi jioni na nusu debe, nyingi mbichi, na simu imejaa picha.

Jirani yangu yeye aling'oa mibuni yote kapanda parachichi, anasema parachichi hakuna wa kuling'ata mizani. Sawa, lakini sasa analala nje analinda wezi, juzi kaja kuniazima mbwa. Mbwa wangu mimi, anayempokea mgeni getini na kumsindikiza mpaka sebuleni! Nikamwambia mchukue ila umlishe. Kumbe kule anapewa na nyama. Nikimwita anatikisa mkia palepale alipo, haji, na nilipomtuma mtoto akamdai jirani anasema nilimpa jumla.