Shilingi 1,420 zimfuate mtoto hadi mabandani?

Jirani yangu wa zamani, mama anayeuza sukuma wiki na nyanya Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ana watoto wawili shuleni. Mkubwa yuko Gredi ya 5 katika shule ya umma ng'ambo ya barabara kuu. Mdogo yuko Gredi ya 2 katika shule ya mabati, hatua chache kutoka mlangoni pao. Saa ya chakula mkubwa hugusisha bangili yake kwenye kifaa, anakatwa shilingi 5, anapakuliwa sahani ya moto. Vitabu vyake huletwa na serikali, na shule yake hutengewa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa sababu yeye yuko pale. Mdogo hulipiwa na mama kila kitu, wakati mwingine kwa wiki, wakati mwingine kwa siku, kutegemea biashara ilivyokwenda. Nyumba ni moja na baba ni mmoja, ila katika bajeti ya elimu ya msingi mtoto mmoja yumo na mwingine hayumo.

Wenye shule za namna hii, zinazoitwa APBET, yaani za elimu mbadala, kwenye makaratasi ya wizara, wamekuwa wakiomba kwa miaka mingi kwamba pesa za elimu ya bure zimfuate mtoto popote anaposoma. Wanaotetea shule ya umma, wakiwemo walimu wengi, wanasema hapana: pesa za umma zibaki kwenye shule za umma, na serikali ibanwe ijenge nyingine. Nimewasikiliza wote. Naona kila upande una haki kubwa, na kila upande unakwepa kulitaja jambo lilelile.

Tuanze na ramani, maana bila ramani mjadala huu hauna miguu. Shule za umma za Nairobi zilianza kuwekwa katika mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijengewa upande wa juu, kwenye hewa na nafasi: Nairobi Primary, Kilimani, Westlands. Wahindi walikuwa na zao Ngara na Parklands. Waafrika walibanwa Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo. Baada ya uhuru baraza la jiji likaendelea kujenga, na lilijenga kweli, katika mitaa mipya kama Buru Buru, Umoja na Dandora. Kwa hiyo mitaa iliyopangwa ilipata shule, na mitaa iliyojipanga yenyewe ikakosa. Kwa wachora ramani, Mathare ilikuwa machimbo ya mawe, na Mukuru ilikuwa viwanja vya viwanda ambavyo vingi havikuwahi kujengwa.

Matokeo yake utayaona ukisimama mtaa wa mabanda wa Kawangware asubuhi: watoto wenye sare wanapanda kwa miguu kwenda shule za umma za Lavington na Kilimani, zenye viwanja vya mpira na miti mikubwa. Matajiri wa mitaa ile walishawahamishia watoto wao shule za kibinafsi. Anayeishi karibu na shule haihitaji, na anayeihitaji anaamka saa kumi na moja.

Halafu ikaja Januari 2003. Serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya msingi, wanafunzi nchini walipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka mmoja. Wenye umri wangu wanaikumbuka Olympic ya Kibera, shule ya umma iliyokuwa ikitajwa matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati ule, yanapotoka. Ilifurika. Wazazi waliokuwa wakiipigania wakaanza kuikimbia, na baadhi yao wakaenda kwenye shule ndogo za mabati, ambako walilipa kidogo lakini mwalimu alimjua mtoto kwa jina. Ni kinaya ambacho hatujakimeza mpaka leo: elimu ilipokuwa bure, maskini wengine waliamua kuilipia.

Hapo ndipo penye nguvu ya hoja ya kwanza, ile ya pesa kumfuata mtoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo ni ya mtoto. Haikupewa jengo wala bodi ya shule. Kama serikali imeshindwa kumwekea mtoto wa Mukuru shule anayoweza kuifikia kwa miguu bila kuvuka barabara ya magari yendayo kasi, kwa nini mama yake aadhibiwe kwa kutafuta suluhisho? Tena shule ya mabandani inamfaa mama huyu kwa mambo ambayo afisa wa elimu hayaoni. Iko karibu. Inakubali malipo ya vipande. Inafunguliwa mapema na kufungwa jioni, kwa hiyo inafanya kazi ya kulea mtoto wakati mama yuko sokoni. Mwenye shule ni jirani. Mtoto asipofika, mtu anabisha hodi. Miongozo ya APBET yenyewe ililegeza masharti ya ardhi na majengo kwa kutambua kwamba mabandani hakuna ekari za kugawa. Serikali ilizitambua shule hizi. Kilichobaki ni kuzilisha.

Nikisema kuzilisha, sitanii. Mpango wa Dishi na County, uliozinduliwa mwaka 2023 chini ya Gavana Johnson Sakaja kwa kushirikiana na shirika la Food4Education, nauhesabu kuwa jambo bora zaidi lililofanyiwa shule za jiji hili tangu 2003. Shilingi 5, chakula cha moto, bila aibu ya foleni ya wasiolipa. Lakini mpango huo umewekwa katika shule za umma, na jirani yangu ana watoto wawili wenye njaa ya aina moja.

Sasa upande wa pili, na naomba tusiuharakishe.

Watetezi wa shule ya umma wanauliza: shilingi 1,420 zikiingia kwenye akaunti ya mtu binafsi, nani atajua zimenunua nini? Kuna mwenye shule aliyeianzisha kwa uchungu wa watoto wa mtaa wake, na kuna aliyeianzisha kwa sababu kukodisha vyumba sita vya mabati kwa watoto 200 kunalipa kuliko kuvikodisha kwa wapangaji. Kwenye fomu wote wawili wanafanana. Walimu wa shule hizi wengi hulipwa kiduchu, baadhi hawakusomea kazi, na waliosomea huwa wanasubiri barua ya kazi kutoka TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Barua ikija, darasa linabaki wazi katikati ya muhula. Wanafunzi hewa nao wako hata kwenye shule za serikali, kiasi kwamba mwaka 2025 wizara iliamuru wanafunzi wahesabiwe upya. Itakuwaje kwenye shule inayoweza kuhama kichochoro usiku mmoja?

Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama wezi wetu wakubwa wangetoka vichochoroni. Kashfa ya fedha za elimu ya bure iliyofanya Uingereza na Marekani zisimamishe misaada, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ilihusu pesa zilizopotea mikononi mwa wizara yenyewe. Wenye mabati hawakuwa na funguo za kasha lile.

Lakini wana hoja nyingine ambayo hainiachii usingizi. Siku serikali itakapoanza kulipa shule za mabati, itapumua. Itasema watoto wa Mukuru wanasoma, tazameni, tunawalipia. Shinikizo la kujenga litakufa, na mabati yaliyokuwa ya dharura yatakuwa sera. Tumeona hali ya muda inavyodumu katika jiji hili. Na tumeona inavyoua. Septemba 23, 2019, darasa la ghorofa la mbao na mabati liliporomoka katika shule ya Precious Talent, Ng'ando, Dagoretti, na watoto 8 wakafa. Siku zile viongozi walifika mmoja baada ya mwingine, na swali la wakazi lilikuwa rahisi: tungewapeleka wapi kwingine?

Sasa lile jambo linalokwepwa. Ni ardhi.

Wanaosema "serikali ijenge" hawasemi ijenge wapi. Sehemu kubwa ya Mukuru ni viwanja vyenye hati za watu na makampuni waliogawiwa zamani; kupata ekari mbili za shule ni kesi, fidia, na kubomolea watu nyumba. Hata ardhi ambayo tayari ni ya shule hailindwi. Januari 2015 watoto wa Lang'ata Road Primary walirudi darasani wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta, na walipouangusha walirushiwa gesi ya machozi. Kama shule iliyo kando ya barabara kuu, macho ya nchi nzima yakiiona, ingeweza kumegwa hivyo, basi hazina ya viwanja vya shule Nairobi ni ndogo kuliko inavyoandikwa.

Na wanaosema "pesa zimfuate mtoto" nao hawasemi pesa hizo zitatua juu ya nini. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara mpya, na shule kadhaa zikaenda na nyumba. Hebu fikiria mkono mmoja wa serikali ukiilipa shule na mkono mwingine ukiibomoa. Mwenye shule asiye na hati hawezi kujenga ukuta wa mawe hata akipewa pesa, kwa sababu mawe hayahamishiki. Mwenye kiwanja naye akisikia mpangaji wake anapokea mgao wa serikali, atapandisha kodi kabla ya muhula kwisha. Shilingi 1,420 ikigawanywa kwa siku za masomo ni chini ya shilingi 8 kwa siku, na naogopa kiasi kizuri cha hizo nane kitaishia kwa mwenye kiwanja.

Hapa pana kioja cha kando. Shule ya umma yenyewe inakufa njaa kwa mgao huohuo. Jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu, lililotoa ripoti mwaka 2023, lilipendekeza mgao wa msingi upandishwe hadi shilingi 2,238. Wakati huo huo mtoto akivuka kutoka Gredi ya 6 kwenda ya 7, ndani ya ua uleule, bei yake inaruka hadi shilingi 15,042. Mwalimu mkuu anahesabu chaki kwa hawa na kupangia maabara wale. Pengo hilo ndilo linalozaa pesa za "motisha", za mlinzi, za mwalimu wa BOM (aliyeajiriwa na bodi ya shule), za karatasi za mitihani, ambazo mzazi wa shule ya "bure" huzilipa akinung'unika. Na ukitaka kulalamika, lazima kwanza ujue kwa nani: mwalimu ni wa TSC, mgao ni wa wizara, chakula ni cha kaunti, darasa jipya lina jina la mbunge ukutani. Kwa shule za watoto, gavana anawajibika kikatiba kwa chekechea tu. Mtoto akiingia Gredi ya 1 anahamia kwa baba mwingine bila kutoka uani.

Mimi nimeegemea wapi? Nimeegemea kwa mtoto mdogo wa jirani yangu, na hilo linanilazimisha kukubali nusu ya kila upande. Kumwambia asubiri shule ya umma ijengwe ni kumwambia asubiri utoto wake upite. Atakuwa na watoto wake kabla kesi ya kiwanja haijasikilizwa. Lakini kumkabidhi mwenye shule pesa taslimu ni kumlipa mwenye kiwanja. Ningeanza na vitu ambavyo haviwezi kugeuzwa kodi ya nyumba: vitabu vilevile vinavyokwenda shule za umma, bangili ya chakula, na mwalimu anayelipwa na TSC moja kwa moja, kwa shule zilizosajiliwa na kukaguliwa tu. Mwalimu akitoroshwa, mshahara haubaki. Sahani haiwekwi benki. Na ningeweka mwisho, tuseme miaka 5, ambao ndani yake kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi zitenge kiwanja katika kila wodi isiyo na shule ya kutosha. Mukuru ilitangazwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, kwa hiyo kazi ya kuchora tayari ina pa kuanzia.

Najua udhaifu wa pendekezo langu. Miaka 5 huwa 10, na ukaguzi wa shule mabandani unaweza kugeuka kuwa chai ya mkaguzi. Aliye na njia ya kuuzuia huo ugonjwa nitamsikiliza kwa hamu kuliko yule atakayenikumbusha tena kwamba elimu ni haki.

Jirani yangu hakungoja tumalize kubishana. Mwezi uliopita alikwenda kumwombea mdogo nafasi katika shule ya kaka yake, kwa sababu ya kile chakula cha mchana. Aliambiwa aje Januari na cheti cha kuzaliwa, na kwamba akiweza, aje na dawati.