Kadi ya njano haitengenezi gari lako

Ukihama Nairobi kwenda Arusha na gari la namba za Kenya, pale Namanga utatakiwa kuwa na kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima ya kuvukia mpaka. Unalipa, unapewa, unavuka. Wengi huishia hapo, wakiamini gari lao sasa lina bima kamili Tanzania. Linanikera hili, kwa sababu wanaowauzia wanajua kwamba sivyo.

Kadi yenyewe ni mpango mzuri. Ipo tangu 1987, na Tanzania imebaki ndani yake hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Ukimgonga mtu Usa River, fidia yake inafuata sheria za Tanzania, na matibabu yako wewe dereva na ya abiria wako yamo. Gari lako ndilo halimo.

Jirani yangu hapa Njiro yalimkuta wakati wa masika. Aligonga bodaboda, akaishia kwenye nguzo ya umeme. Mwendesha bodaboda alilipiwa hospitali bila matata. Gari likabaki gereji, boneti imekunjwa hadi kwenye kioo, rejeta imepasuka, fundi anasubiri pesa. Bima kubwa alikuwa nayo, ya Kenya, lakini mkataba ulisema wazi kwamba inafanya kazi ndani ya Kenya tu. Wakala wake alijua kuwa anahama na familia nzima. Hakumwambia neno.

Tena kadi hiyo inategemea bima ya nyumbani: bima ya Kenya ikiisha, na kadi imeisha. Kibali cha forodha cha kuingiza gari nacho ni cha muda, na ukipitisha muda huo unaipa kampuni ya bima sababu ya kukubishia siku ya kudai.

Kwa hiyo kabla hujafunga mizigo, iandikie kampuni yenyewe, usitegemee simu ya wakala, uulize kama bima yako kubwa inaweza kuongezwa ifike Tanzania. Zipo zinazokubali kwa malipo ya ziada. Dai jibu la maandishi.

Lakini kama umehamia moja kwa moja, ukweli ni mchungu zaidi: lipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, upate namba za Tanzania, kisha ukate bima kubwa ya hapa na kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania. Ni pesa nyingi. Kwa gari lililochoka, ningemshauri mtu aliuze Nairobi kabla ya kuvuka.

Na wanaouza kadi mpakani wabandike dirishani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba kadi hii hailipii uharibifu wa gari lako. IRA ya Kenya na TIRA ya Tanzania ndizo mamlaka zinazosimamia biashara ya bima. Sioni kwa nini zisiwaagize wafanye hivyo.