Kinanda cha analojia au cha dijitali: ugomvi hauko pale unapodhaniwa

Tangu televisheni zihamie dijitali, "analojia" limekuwa neno la kejeli, la kumwita mtu aliyepitwa na wakati. Kwenye sinthesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, mambo yamegeuka: analojia ndiyo yenye bei na sifa, dijitali ndiyo inayojitetea. Na utetezi wake una uzito kuliko mashabiki wa analojia wanavyokubali.

Chukua Minimoog ya 1970, sinthesaiza ya analojia. Ndani yake sauti ni umeme wenyewe: osileta tatu zinatoa mawimbi, filta inayachonga, na noti huamuliwa na volti 1 kwa kila oktavu. Gawa kwa nusutoni 12 (hatua ndogo za noti ndani ya oktavu), unapata kama milivolti 83 kwa kila moja. Milivolti 8 tu zikipotea, noti imehama sehemu ya kumi ya nusutoni, na ikipigwa pamoja na ala nyingine sikio linakereka. Chanzo kikubwa ni joto, kwa kuwa transista hubadili tabia zikipata moto. Ndiyo maana mashine huachwa ipashe dakika 15 au 20 kabla ya kulinganishwa noti zake. Lakini kuyumba huko huko, osileta tatu zikikosana kidogo, ndiko kunakoipa besi ule unene.

Yamaha DX7 ya 1983, ya dijitali, haina filta wala osileta za aina hiyo. Ni hesabu tupu. Kila sauti kati ya 16 (yaani noti inazoweza kupiga kwa pamoja) ina vyanzo 6 vya mawimbi, vinavyounganishwa kwa mipangilio 32, kwa mbinu aliyoibuni John Chowning wa Stanford. Chanzo kimoja kinakitikisa kingine. Mtikisaji akitetema kwa kasi sawa na anayetikiswa (1:1) mlio unaelekea tarumbeta. Mpandishe hadi mara 14, mfupishie muda, na unasikia ule mlio wa kengele mwanzoni mwa noti ya piano ya umeme. Noti ya asubuhi ndiyo ya usiku, ukumbi uwe na joto au baridi. Taabu ni kuitengeneza sauti yenyewe: kitelezi kimoja cha kubadili thamani na kiskrini cha mistari miwili. Wengi waliishia kwenye sauti za kiwandani, na siwalaumu.

Programu za kompyuta zinazofanya kazi ya sinthesaiza zina ugonjwa wao. Kwa sampuli (vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde, chochote kinachozidi hezi 22,050, nusu ya kasi hiyo, hurudi chini kama mlio usiolingana na noti. Programu nzuri hupiga hesabu kwa kasi mara mbili au nne, na prosesa hulipa gharama.

Sasa Roland Juno-106 ya 1984, inayosifiwa kama analojia halisi. Osileta zake zinaongozwa na saa ya kidijitali, kwa hiyo haziyumbi. Filta ndiyo analojia, na ndiyo inayokufa. Kila sauti kati ya 6 ina chipu ya 80017A iliyofunikwa kwa epoksi, gundi ngumu, ambayo ikizeeka huvujisha umeme. Mafundi huiloweka chipu kwenye asetoni, kiyeyusho, epoksi ilainike. Ukiibandua epoksi kwa nguvu, unang'oa na vijenzi vya chini yake. Au huweka chipu mpya za kuigiza.

Kwa bendi inayosafiri ningechukua dijitali. Kwa besi ya studio, analojia. Ukienda kununua Juno-106, iweke kwenye hali ya Poly 1, ambapo kila mbonyezo huita sauti inayofuata, ubonyeze kitufe kimoja cha noti mara sita. Ikikwaruza au kunyamaza mara moja kati ya hizo, toa gharama ya chipu kwenye bei. Muuzaji akikuharakisha baada ya mara ya tatu, mwachie kinanda chake.