Winga mwenye kifafa: kocha anamlinda nani?

Dakika ya sabini hivi, mpira uko upande wa pili kabisa, winga wetu wa kushoto akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Refa alidhani anapoteza muda. Alipofika karibu, kijana alikuwa amekakamaa, mwili ukitetemeka kwenye vumbi la kiwanja kile cha Eastlands, Nairobi. Mmoja akamvua kiatu ili amnusishe, mwingine akaitisha kijiko, na mama mmoja akawavuta wanawe nyuma povu lisije likawaambukiza. Haukupita muda akatulia, akalazwa ubavu, na jambo la kwanza aliloweza kuuliza ni matokeo. Jumanne iliyofuata kocha akamwambia arudishe jezi.

Nimebishana na kocha huyo mara nyingi tangu siku ile, na hoja zake si za kipuuzi. Timu haina daktari. Sanduku la huduma ya kwanza lina bandeji mbili na dawa ya kupuliza. Ambulensi yetu ni bodaboda yoyote itakayokuwa karibu. Kijana akifia uwanjani, wazazi wake watakuja kwa kocha. Viongozi wa ligi hawatawajua. Ukijiweka mahali pake utaelewa kwa nini hapati usingizi.

Shida ni kwamba anaogopa mchezo usiohusika. Mwaka 2016, wataalamu wa shirika la kimataifa la madaktari wa kifafa, ILAE, waliipanga michezo katika mafungu matatu. Soka, raga, voliboli, mpira wa kikapu na mbio nyingi ziliwekwa fungu la kwanza, ambako ugonjwa hauongezi hatari ya maana. La pili lina kuogelea, baiskeli na ngumi: mchezaji mwenyewe anaweza kuumia. La tatu ni mbio za magari, kupiga mbizi, kupanda miamba na mengine ya aina hiyo. Kwa hiyo angekuwa kocha wa kuogelea ningemuunga mkono akimkataza kijana kuingia majini bila mtu wa kumtazama, maana uwezekano wa mwenye kifafa kuzama ni mara 15 hadi 19 ya ule wa watu wengine. Lakini kwenye kiwanja chetu hatari kubwa zaidi ni mawe.

Tena kukimbia kwenyewe ni nadra kuamsha kifafa. Kinachokiamsha zaidi ni dawa zilizorukwa na kukosa usingizi. Winga wetu alikuwa na yote mawili. Alikuwa anafanya kazi ya ulinzi usiku, na vidonge vilikuwa vimemwishia siku tatu kabla ya mechi. Alikuwa akingoja mwisho wa mwezi. Aliniambia pia kwamba hata akiwa nazo, siku za mechi huziacha, kwa sababu humlegeza na kumtia usingizi. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ambayo wengi wetu huipata kwa kuwa ni ya bei nafuu, inajulikana kwa hilo. Hapa sina la kumtetea. Dawa ikikulegeza, unarudi kliniki wakubadilishie au wapunguze kipimo. Huachi kimyakimya ili uwe na kasi Jumamosi.

Na kocha hakuwa anajua lolote. Nilipomuuliza kijana kwa nini hakumwambia, alinijibu kwa swali: "Ningesema, ningecheza?"

Watetezi wa wachezaji kama yeye hupenda kutaja mabingwa wenye kifafa. Wapo kweli. Dai Greene wa Wales alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2011. Jonty Rhodes wa Afrika Kusini bado anatajwa kila panapozungumzwa udakaji katika kriketi. Marion Clignet, baada ya wakuu wa baiskeli Marekani kumpa mgongo, alikwenda kuiendeshea Ufaransa na akapata medali za fedha za Olimpiki mwaka 1996 na 2000. Mimi mifano hii hunifurahisha kuliko inavyonishawishi. Hao walikuwa na madaktari wanaowajua kwa majina, na kifafa nacho hakifanani: cha Tom Smith, aliyekuwa nguzo ya skrumu katika timu ya raga ya Uskoti, kilimjia zaidi usingizini.

Ninachomwambia kocha ni kidogo zaidi. Amuulize kila mchezaji anatumia dawa gani, na jibu lisiwe sababu ya kumvua jezi. Anayeanguka mara kwa mara apumzike hadi kliniki imtulize. Benchi zima lijue la kufanya: kuondoa vitu vigumu karibu naye, kumlaza ubavu, kutia chochote mdomoni marufuku, kuangalia saa. Zikipita dakika tano anatetemeka bado, hospitali. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili.

Yeye hujibu kwamba mimi si nitakayeitwa polisi. Ni kweli, sitaitwa.

Winga anacheza bado. Amepata timu mtaa wa pili, na wiki mbili zilizopita nilimkuta akipasha misuli moto nje ya chaki. Nikamuuliza kama huko wanajua. Akatikisa kichwa, akaniomba nisimwambie mtu, akaingia.