Fungu la mashine linaliwa na nani?

Oili ya gia ya mashine ya boti ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, kila mtu pwani huuliza maji yameingilia wapi. Swali zuri, na jibu lake huwa halichelewi. Mimi siku hizi naanza na swali jingine: fungu la mashine la mwezi uliopita, ile sehemu ya mapato inayotengwa kwa jina lake, limeliwa na nani? Wenzangu wenye boti watanuna. Nami ni mwenye boti, na kwangu lililiwa na mimi.

Boti yetu ni ya dagaa, iko Kilindoni, Mafia, na mashine yake ni ya farasi arobaini, ile ya stroku mbili, ya kuchanganya oili na petroli. Nahodha aliniambia mapema kwamba ukitia gia ya nyuma, mguu, yaani sehemu ya chini yenye gia na propela, unalia. Tukamwita fundi. Alipolegeza skrubu ya chini, yalitangulia maji, kisha ukafuata uji mweupe. Akamwaga wote, akajaza oili mpya, akafunga, akachukua chake. "Imepona hiyo, tajiri." Wiki tatu hazijaisha, chai ya maziwa imerudi. Nikarudia dawa ileile, maana kununua oili ni kazi ya dakika tano, na kufungua mguu ni kazi ya siku nzima. Mara ya tatu gia zilivunjika usiku, nyavu zimejaa, na boti ya jirani ikatuvuta hadi nyumbani kwa malipo ambayo mpaka leo tunataniwa nayo.

Mguu ulipofunguliwa, nyuma ya propela tulikuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti. Kipande hakifiki shibiri mbili. Ukizunguka pale, mshipi hupata moto na kukata taratibu mdomo wa sili, ule mpira unaozuia maji kwenye shafti, na sili ikishakatika bahari imepata mlango. Mashine ikifanya kazi, mguu unapata joto na hewa iliyomo ndani inatanuka. Ukizima, mguu uko majini, unapoa, hewa inanywea na kuvuta chochote kilicho karibu, nacho ni maji ya chumvi. Ndiyo maana boti iliyotulia nangani nayo inakunywa maji. Huhitaji hata kusafiri.

Sasa fikiria anavyofanya yule anayemwaga na kujaza tu. Oili inakaa katikati ya meno ya gia ili chuma kisiguse chuma. Maji yakichanganyika nayo, utando ule unakatika, meno yanachunika, na beringi zinashika kutu hata siku ambazo hukwenda baharini. Oili mpya ikiwekwa juu ya sili iliyokatika, umeyapa maji oili ya kuchezea. Sili yenyewe haifiki bei ya dumu la petroli la lita 20. Gia, hesabu malaki.

Namna ya kujua mapema wazee wa mashine wanaijua, ila hawaifanyi. Mashine ikishalala saa nyingi, kabla haijawashwa, maji yamezama chini ya oili kwa sababu ni mazito zaidi. Legeza skrubu ya chini kidogo tu: yakitangulia matone ya maji, umeshapata jibu. Usipime mara tu baada ya kuzima, kwani oili iliyokorogwa na gia inaweza kuwa na povu la hewa ukadhani ni maji. Tia kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, iweke juu ya kabati hadi kesho. Hewa itapanda na kutoka, maji hayana pa kwenda. Na ukifunga, badilisha wosha za skrubu zote mbili, ya chini na ya juu. Wosha kuukuu zinavujisha kama sili iliyokatika, na hizo nazo tunaona uchungu kuzinunua.

Kujaza ni kutoka tundu la chini mpaka oili itokee tundu la juu. Nimeona watu wanamimina kwa juu, hewa inabaki ndani, mguu unakwenda na nusu ya oili.

Wenye mashine za stroku nne wana balaa lao. Kwao oili ya injini inapimwa kwa kijiti, na ikiwa nyeupe yaweza kuwa gasketi ya hedi imeungua, au mashine ilizama ikawashwa bila kusafishwa. Hapo usikae ukabuni, mwone fundi anayezijua.

Turudi kwenye fungu. Kwetu, ukishatoa petroli, barafu na chakula, kinachobaki kinagawanywa: mabaharia wana yao, chombo kina lake, nyavu zina lake, na mashine ina lake. Mashine haina mfuko, kwa hiyo fungu lake anachukua tajiri, mwenye boti. Halafu mashine ikiharibika, tajiri anamlaumu nahodha, nahodha anasema mashine si yangu, na mabaharia wanakaa pwani bila riziki. Naona ni dhuluma ya kimyakimya. Ukichukua fungu kwa jina la mashine, hiyo ni pesa ya sili, wosha na oili kabla haijawa pesa ya karo au ya harusi. Zamani jahazi lilipandishwa pwani likapakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na shahamu msimu ukifika, bila mtu kungoja ubao uoze kwanza. Mashine tumeipokea, adabu ile tumeiacha kwenye mbao.

Sisi wa dagaa hatuna hata kisingizio cha kukosa nafasi. Tunavua giza. Mbalamwezi ikiangaza, taa zetu hazivuti kitu na boti zinalala. Siku hizo zatosha kuvua propela, kukata mshipi, kupaka grisi kwenye shafti na kulegeza skrubu ya chini. Kalenda iko juu angani, haiuzwi.

Sasa fungu la mashine nimelitia kwenye kopo la maziwa, ufunguo wa sanduku lake anao nahodha. Mke wangu alicheka sana. Mbalamwezi iliyopita nahodha alikuja na chupa ya mchuzi wa pilipili iliyooshwa, ndani oili, rangi ya asali. Nikaigeuza juani, safi. Nikamwambia sawa, kafunge. Hakuondoka.

"Wosha mbili, tajiri. Kopo lina noti kubwa, dukani hawana chenji."

Nikaingiza mkono mfukoni.